Mwezi Mmoja wa Notisi

Hoja ninazojibu hapa msomaji umeshazisikia. Husemwa redioni, hurudiwa matangani, hutolewa kwenye vikao vya bajeti vya kaunti, na juzi nilizisikia tena kwenye foleni ya posho mill hapa Malakisi, kaunti ya Bungoma. Kwa jumla zinadai kwamba uchumi ukidorora, vyuo vya ufundi na ofisi za ajira za umma hazina la kufanya, na kwamba fedha zake zingefaa kupelekwa kwingine mpaka hali itengemae. Wanaosema hivyo si wajinga, na sehemu ya maneno yao ni kweli. Ndiyo maana yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine. Wewe uwe hakimu.

Hoja ya kwanza ni kwamba mdororo ni jambo la nadra. Tunaambiwa tutazame takwimu za taifa. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, uchumi wa Kenya ulikaribia kusimama. Mwaka 2020, wakati wa korona, ulinywea kwa asilimia 0.3. Je, miaka miwili mibaya katika muda mrefu hivyo ndiyo ya kujengea taasisi ya kudumu? Hesabu yenyewe ni sahihi, ila wameipimia mahali pasipofaa. Kiwanda cha karatasi cha Pan African kule Webuye, kilichoanza kuzalisha mwaka 1974, kilifungwa Januari 2009 kikiwa kimeajiri watu wapatao 1,500. Mwaka uliofuata uchumi wa taifa ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Kwa takwimu za Nairobi hapakuwa na mdororo wowote mwaka 2010. Kwa mwenye duka wa Webuye aliyekuwa akiuza kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi haukufika tena. Hapa Malakisi nasi tumekuwa na midororo yetu ambayo haikutangazwa na mtu. Soko la pamba lilipoachiwa huria mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamba ya Magharibi ilinyong'onyea na kinu chetu kikanyamaza. Tumbaku, iliyoingia kwa mikataba katika miaka ya 1970, huleta mdororo kwa njia yake: kampuni ikipunguza mikataba msimu huu, boma moja linaumia, msimu ujao boma jingine, na hakuna gazeti litakaloandika. Anayetaka ofisi ya ajira ingoje takwimu ya taifa ishuke anataka wazima moto wangoje mji mzima uwake.

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote, na nitakaa nayo. Inasema: kama kazi hazipo, unamfundisha mtu wa nini? Chuo hakizai ajira. Ukimfundisha kijana kuchomelea vyuma wakati hakuna anayejenga, umempa cheti cha kungojea.

Ni kweli kwamba chuo hakizai ajira. Lakini hoja hii inachukulia kwamba ujuzi ni kama jembe: ulitundike ukutani mwaka wa njaa, ulishushe mvua ikirudi. Ujuzi hautundikwi. Namfahamu fundi mmoja aliyefanya kazi ya matengenezo kiwandani kwa miaka mingi, na leo anazunguka kutengeneza posho mill kuanzia hapa hadi Lwakhakha. Mashine ikianza kutoa sauti ngeni, haifungui kwanza. Huweka ncha ya bisibisi kwenye kasha la beringi, mpini akaubana sikioni, akainamisha kichwa na kusikiliza, huku mwenye mashine akiwanyamazisha wateja. Kisha anasema beringi ipi imelika na ipi bado ina miezi kadhaa. Sijamwona akikosea. Lakini hana karatasi hata moja inayothibitisha kwamba anajua. Cheo chake kiliandikwa kwenye faili la mwajiri, na faili lilibaki ndani siku lango lilipofungwa. Akitaka kuomba kazi ya matengenezo katika shule au hospitali, ataulizwa gredi testi, yaani cheti cha mtihani wa ufundi. Akitaka kupokea wanafunzi kutoka chuo cha ufundi, ataulizwa hiyohiyo.

Sasa hesabu hasara. Kutoka kufungwa kwa kiwanda cha Webuye mwaka 2009 hadi kuuzwa kwake mwaka 2016 ilipita miaka 7, na majaribio ya kukifufua katikati hayakudumu. Katika miaka hiyo mafundi wa boila, wa umeme na wa mashine walitawanyika: mmoja alirudi shambani, mwingine akaenda Kitale kutengeneza trekta za wakulima wa mahindi, mwingine akazeeka. Kilichokosekana hakikuwa ajira mpya 1,500, maana hakuna chuo kingeweza kuzileta. Kilichokosekana ni mtu wa kupita kati yao katika miezi 3 ya kwanza, akaandika nani anajua nini, akawapeleka kwenye mtihani wa gredi testi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, akawapa karatasi ya kutembea nayo. Sera ya kitaifa ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini ilizinduliwa mwaka 2024, miaka 15 baada ya lango lile kufungwa. Hiyo ndiyo kazi ya huduma ya mafunzo wakati wa mdororo, na haihitaji ajira mpya hata moja ndipo ianze.

Kuna jambo jingine ambalo hoja hii inaligeuza kichwa chini miguu juu. Gharama kubwa ya kumfundisha mtu mzima ni siku anazoacha kufanya kazi ili asome, kuliko hata karo. Wakati wa mavuno huwezi kumtoa kibarua Kitale akae darasani, kwa sababu kila siku anayosoma ni siku ya malipo iliyopotea. Mdororo ukiingia, siku zile zile hazina mnunuzi. Kama kuna wakati ambapo kusoma ni bei nafuu kwa mwenye familia, ni huo, nao ndio wakati tunaoambiwa tufunge karakana.

Nakubali sehemu moja ya hoja yao, na naikubali kwa dhati: mafunzo yasiyomjua mnunuzi ni hasara. Kuwafundisha mafundi cherehani 10 kwa soko linalolisha 3 ni kuwakosanisha majirani. Lakini basi hoja inadai mafunzo yafungamanishwe na mnunuzi, haidai yafutwe. Na hilo limefanyika katika nchi hii, kwenye zao tunalolijua Malakisi kuliko wengi. Mwaka 2022, kule Migori, mashirika ya Umoja wa Mataifa yakishirikiana na serikali yalianza kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Walipewa mafunzo, wakapewa mbegu, na wakahakikishiwa soko. Wakulima 330 walihitimu wakiwa wamevuna na kuuza tani 135. Tazama mpangilio: mnunuzi alikuwepo kabla ya somo la kwanza. Mkulima wa tumbaku anaijua thamani ya hilo, kwa sababu tumbaku yenyewe ilimteka kwa njia hiyohiyo: kampuni ilikuja na mbegu, mbolea kwa mkopo, afisa wa kumfundisha na kituo cha kupokea majani. Kumwendea mkulima huyo na semina tupu ya siku mbili na daftari ni kumdharau.

Hoja ya tatu husemwa na watu walewale wa hoja ya pili, mara nyingi katika mazungumzo hayohayo: vijana wetu hawapati kazi kwa sababu hawana ujuzi unaotakiwa na waajiri, tena hawataki kuchafua mikono. Ziweke hoja hizi mbili kwenye meza moja. Ya pili inasema kazi hazipo, kwa hiyo ujuzi hausaidii. Ya tatu inasema kazi zipo ila ujuzi haupo. Zote mbili haziwezi kuwa kweli kwa mtu mmoja katika mwezi mmoja. Kama kazi zipo na ujuzi umepungua, basi fungua karakana leo. Kama kazi hazipo, basi acha kumlaumu kijana. Kuhusu kuchafua mikono, njoo Chwele siku ya soko, alfajiri, uone ni nani wanaoshusha magunia ya vitunguu na mikungu ya ndizi. Wengi wao wana cheti cha kidato cha nne.

Hoja ya nne inapendwa sana kwa sababu inaonekana ya huruma: jua kali itawabeba. Mtu akiachishwa kazi atanunua pikipiki, mkewe atauza mboga, maisha yatasonga, Mkenya hashindwi. Wengine huitaja hata ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972, iliyoitangaza Kenya ulimwenguni kwa sekta yake isiyo rasmi. Waisome tena. Ripoti ile iliisifu sekta hiyo kwa ubunifu, na kwa sababu hiyohiyo ikaitaka serikali iache kuiandama na iiunganishe na wanunuzi wakubwa, serikali yenyewe ikiwa mmojawapo. Haikusema iachwe ijibebe.

Tena hoja yenyewe inavunjikia kwenye hesabu ya soko. Anayempa mwendesha bodaboda riziki ni nani? Ni mtu mwenye mshahara anayeenda kazini. Mama mboga anamuuzia nani sukuma wiki jioni? Mtu huyohuyo akirudi. Jua kali haisimami kando ya ajira za mshahara ikingoja kuwapokea walioanguka. Inakula kutoka chungu kimoja nazo. Kiwanda kikifungwa mambo mawili hutokea siku moja: wateja wanapungua na wauzaji wanaongezeka. Steji iliyokuwa na pikipiki 10 inakuwa na 30, na abiria ni nusu ya walivyokuwa. Aliyelipia arubuni ya pikipiki kwa malipo ya kuachishwa kazi anairudisha kwa mkopeshaji ndani ya mwaka. Na malipo hayo ndiyo akiba pekee aliyokuwa nayo: sheria ya ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe angalau siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi, basi. Bima ya kukosa kazi hatuna. Mtu aliyetumikia miaka 10 anaondoka na mshahara wa miezi isiyozidi mitano, na huo ndio mtaji tunaomwambia akaupeleke kwenye biashara iliyokwisha kujaa. Angepata mtu wa kumwambia tu kwamba steji imejaa, na kwamba kuna uhaba wa mafundi wa pampu za maji upande wa Sirisia, angekuwa amehudumiwa.

Hoja ya tano inatukumbusha aibu yetu. Serikali ilijaribu, wanasema, na tuliona. Kazi Kwa Vijana ya mwaka 2009 iliishia kwenye kashfa. Kazi Mtaani ya mwaka 2020 iliwapa vijana zaidi ya 270,000 shilingi 455 kwa siku wafyeke nyasi na kuzibua mitaro, na nyasi zikaota tena. Kwa nini turudie?

Mashtaka haya nayakubali karibu yote. Mwaka 2011 Benki ya Dunia iligundua matumizi yasiyoruhusiwa katika sehemu ya Kazi Kwa Vijana iliyokuwa ikifadhiliwa nayo, na ufadhili huo ukakatizwa. Wizi ulikuwepo. Lakini wanaotoa hoja hii huishia hapo, na hapo ndipo habari inapoanza kuwa na faida. Mradi uleule wa Benki ya Dunia ulikuwa na mkono wa pili. Mkono wa kwanza ulilipia kazi za kufyeka na kuchimba. Mkono wa pili, ulioendeshwa kupitia muungano wa sekta binafsi, KEPSA, uliwachukua vijana wa Nairobi, Mombasa na Kisumu, ukawafundisha kwa miezi kadhaa, kisha ukawapeleka kwa waajiri kujifunza kazini. Waliochaguliwa walipatikana kwa kura, kwa hiyo iliwezekana kuwalinganisha na waliokosa. Tathmini iliyotoka mwaka 2015 ilikuta kwamba wavulana waliopitia mafunzo yale walikuwa na kazi kwa wingi kuliko wenzao waliokosa, na wasichana waliokuwa kazini walikuwa wakilipwa vizuri zaidi.

Basi tuna mradi mmoja, nchi moja, miaka ileile. Mkono uliotoa fyekeo bila ujuzi ulianguka. Mkono uliotoa ujuzi pamoja na mwajiri ulizaa. Anayeutumia mkono wa kwanza kuulaani wa pili hajausoma mradi wenyewe. Kosa la Kazi Mtaani ni kwamba kijana alitoka alivyoingia, ingawa fedha, hilo nalisifu, zilimfikia kwenye simu bila kupita mkononi mwa mtu. Mtaro uleule ungejengwa kwa mawe chini ya fundi mwashi mwenye cheti, na vijana wakafanya gredi testi ya tatu mwishoni, tungebaki na mtaro na waashi.

Hoja ya sita ni ya kisasa: huduma ya ajira sasa iko mtandaoni, ofisi ya nini tena? Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mtafuta kazi anaweza kujisajili kwa kompyuta. Sina neno na usajili. Lakini usajili ni daftari, na daftari tulikuwa nalo zamani. Mwaka 1964, katika makubaliano ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, waajiri binafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15. Watu zaidi ya 200,000 walijitokeza kujiandikisha. Walioandikwa walikuwa wengi kuliko nafasi, na daftari halikuwapa kazi waliobaki. Leo ukikaa kwenye saiba ya hapa Malakisi utaona mwendelezo wake. Mama amemleta mwanawe, kijana wa saiba anawaandikia kwa malipo, na kwenye nafasi ya ujuzi anauliza, "Tuweke nini?" Mama anasema, "Weka chochote." Anaandikiwa "biashara". Mwanawe ameshinda miaka 3 akisaidia kujenga mabanda ya kukaushia tumbaku. Anajua kupima bomba la joto na kuziba mwanya kwa udongo ili moshi usiguse jani. Hakuna aliyemuuliza. Afisa wa ajira aliyefunzwa kuuliza angeyatoa hayo kwa dakika 10, na fomu haiulizi.

Waende ng'ambo, wanaongeza wengine. Wanaotaka waende, tena kwa mikataba iliyokaguliwa. Lakini Ghuba pia humtaka mtu mwenye cheti cha ufundi, na asiye nacho ndiye anayeishia kazi za ndani zisizo na mlinzi. Tumerudi kwenye karakana.

Inabaki hoja ya mwisho, inayotolewa kwa sauti ya kumaliza mjadala: pesa hakuna. Mdororo hupunguza kodi, na serikali iliyopungukiwa hukata. Kweli hupungukiwa. Na ukweli huo unauma zaidi kwenye mafunzo kuliko kwingine, kwa sababu ya namna tunavyoyachangia. Waajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Wafanyakazi wakipunguzwa, ushuru unapungua nao, kwa hiyo mfuko hukauka pale wenye kiu wanapoongezeka. Dawa yake ni kuweka akiba miaka ya mavuno, kama kila mama wa hapa anavyoweka mahindi kwenye ghala akijua Mei itafika.

Kuhusu dai kwamba kukata ndiko kuokoa pesa, nchi zilizojaribu njia zote mbili zina ushahidi. Ujerumani mwaka 2009 uchumi ulianguka kwa zaidi ya asilimia 5. Serikali ililipia sehemu ya mishahara ya wafanyakazi waliopunguziwa saa, kwa wakati mmoja wakafika karibu milioni 1.5, na waajiri hawakuwafukuza mafundi wao. Ukosefu wa kazi haukupanda kwa kiasi kilichohofiwa. Uingereza ilianzisha mwaka huohuo mfuko uliowapa vijana zaidi ya 100,000 ajira za miezi 6. Serikali mpya ilipoingia mwaka 2010 iliusimamisha, ikisema ni ghali. Tathmini ya wizara yake yenyewe ilipotoka mwaka 2012 ilikuta kwamba kila kijana aliyeshiriki aliiletea jamii faida halisi ya takriban pauni 7,750. Kilichokatwa kwa jina la kuokoa kilikuwa kikileta.

Utaniambia Bungoma si Berlin. Sawa. Nitataja basi kitu ambacho tayari kiko kwenye sheria yetu na hakihitaji shilingi mpya. Kifungu cha 40 cha sheria ya ajira kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi amwarifu afisa wa kazi wa eneo lake, angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na idadi. Maana yake ni kwamba serikali hujua. Inajua siku 30 kabla ya mtu kurudi nyumbani na bahasha. Mei 2025 viwanda vinne vya sukari vya umma, Nzoia yetu kikiwamo, vilikabidhiwa wakodishaji kwa miaka 30, na wafanyakazi wakabaki wakidai malimbikizo ya mishahara huku wakihofia barua za kuachishwa kazi. Siku 30 zinatosha kuorodhesha ujuzi wa kila mmoja lango likiwa bado wazi na faili likiwa bado ofisini. Zinatosha kuwapanga kwa mtihani wa gredi katika vyuo vilivyo karibu, Sang'alo, Kisiwa, Matili, au Kitale National Polytechnic kwa walio upande ule. Zinatosha kuwaita wenye karakana wa Bungoma na Kitale waje waone watu wakiwa kazini, kabla hawajawa watu wa kuzurura. Mkulima wa mkataba na mkata miwa wa msimu hawamo kwenye kifungu hicho, na hilo ni pengo ambalo kaunti inaweza kuliziba kwa kuitaka kila kampuni inayopunguza mikataba imwarifu afisa wa kilimo kabla ya msimu wa kupanda.

Notisi yenyewe ni karatasi moja. Ina tarehe, ina idadi ya watu, na hupigwa muhuri wa kupokelewa. Afisa wa kazi anaweza kuichukua mkononi asubuhi hiyohiyo, akapanda matatu hadi lango la chuo, akamwonyesha mkuu wa karakana ile idadi na kumuuliza ana nafasi ngapi.